Kongamano la Septante

Mji wetu wa Bunia unakosa vitu vingi, na kila mgeni anayepita hapa hupenda kutukumbusha. Umeme unakuja ukipenda. Maji yameiga tabia ya umeme. Barabara ya kwenda Komanda siku moja ni barabara, siku nyingine ni habari ya redioni. Lakini hakuna atakayetusingizia kwamba tulikosa makongamano. Tunakutana kuhusu amani, kuhusu mihogo, kuhusu amani tena, na mwaka ule ninaoukumbuka tukakutana kuhusu historia na utamaduni wa Ufaransa, nchi ambayo bila shaka ilikuwa haipati usingizi kwa kutaka kujua Bunia inamwonaje mfalme wake wa zamani, Louis wa Kumi na Nne.

Nilikuwa asistanti katika idara ya Kifaransa na historia, kwenye chuo kimoja cha hapa mjini ambacho sitakitaja. Asistanti kwetu ni mtu anayefundisha masomo ya maprofesa wasiokuwepo, anayesahihisha mitihani yao, na anayeambiwa kwamba bado ni mdogo hata mvi zikianza kumtoka. Hupewa muhula wa kwanza wa kazi, kisha wa pili, na ndani ya mihula hiyo ni lazima achapishe walau makala moja ya kitaalamu. Akichapisha, anapanda kuwa chef de travaux, yaani anaendelea kufundisha masomo yale yale lakini sasa ana meza yake. Asipochapisha, anaaga watu na kwenda zake. Muhula wangu wa pili ulikuwa unamalizika mwaka ule, na sikuwa na makala hata moja. Kwa hiyo idara ilipotangaza kwamba kongamano litatoa kitabu, na kwamba kila atakayezungumza makala yake itaingizwa, nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na huyo Louis.

Mama yangu alikuwa amekwenda mbele zaidi. Alishawatangazia wanawake wenzake wanaouza makayabo sokoni kwamba mtoto wake anakuwa chef. Chef wa nini, hakuuliza, neno lenyewe lilimtosha. Mimi na yeye tulikimbia vita Djugu kwa miguu nikiwa mtoto, yeye amenishika mkono mmoja na mkono wa pili umeshika sufuria, na tangu tufike Bunia kila nilichosoma kimetoka kwenye makayabo hayo, samaki wa Tchomia waliotiwa chumvi. Nimekwenda shule nikinuka samaki, nimekwenda chuo nikinuka samaki, na diploma yangu ukiinusa vizuri utanielewa. Niliitaka ile meza kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu, na sioni haya kusema hivyo.

Makala yangu ilihusu Commune ya Paris, yale maasi ya wafanyakazi waliotwaa mji wao na kuutawala kwa muda mfupi kabla serikali haijawamaliza kwa risasi. Ukiifundisha habari hiyo Bunia, unakutana na tatizo ambalo mwalimu wa Paris hatalijua maisha yake yote. Kwetu commune ni mtaa mkubwa wenye ofisi, bendera, na burugumesta, yaani mkuu wake, anayepiga muhuri. Kwa hiyo kila mwaka wanafunzi wangu waliuliza burugumesta wa Commune ya Paris alikuwa nani, na kwa nini hakumpigia simu gavana. Wenzangu walizikusanya habari hizo kwa ajili ya kuchekea kwenye chumba cha walimu. Mimi nilikaa nikafikiri, nikaona kwamba wale vijana hawakosei sana. Watu wa Paris walitaka jambo hilo hilo, kwamba mtaa ujiendeshe na anayepiga muhuri awajibike kwa wanaopanga foleni. Niliandika kurasa nyingi juu ya kosa hilo na akili iliyomo ndani yake. Ni makala nzuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyepata nafasi ya kusema.

Siku ya kongamano tulifika mapema, jambo ambalo ni kosa la kwanza. Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa vitambaa vya bluu, vyeupe na vyekundu vilivyobaki kwenye harusi fulani. Kwenye bango kubwa la mbele neno Ufaransa lilikuwa limeandikwa sawasawa na neno Bunia limekosewa. Mgeni rasmi alitoka Ufaransa kweli, profesa mrefu mwenye shati la kitani na tabasamu la mtu aliyechanjwa kila kitu. Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ningekuwa na pa kuanzia.

Asubuhi yote ililiwa na salamu. Wafaransa, au labda Wabelgiji, walitufundisha msemo mmoja wa kufupisha mambo, tout protocole observé, maana yake itifaki yote imezingatiwa, tuendelee. Mtu akisimama anatakiwa aseme maneno hayo ili asilazimike kuwataja wakubwa mmoja mmoja. Kwetu unawataja wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, pamoja na wake zao, pamoja na waliotuma wawakilishi, pamoja na roho za waliotangulia, na ukimaliza ndipo unasema itifaki yote imezingatiwa. Kila aliyepanda jukwaani alianza upya. Mkuu wa idara yetu, ambaye ndiye aliyekuwa bosi wangu, aliwasalimia watu kwa muda mrefu hadi mmoja wa wale waliosalimiwa akaondoka zake. Zamu yangu ilipofika jua lilikuwa limepita utosini, na dakika zangu ishirini zilikuwa zimebaki tano.

Nilipanda na karatasi zangu. Nikafungua kinywa, nikasema mwaka wa tukio, kama mwanahistoria yeyote anavyofanya: mil huit cent septante et un, yaani 1871.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kifaransa chetu tuliletewa na Wabelgiji. Mbelgiji akifika sabini anasema septante, neno moja, limekwisha. Mfaransa akifika sabini anasema sitini na kumi. Sabini na moja kwake ni sitini na kumi na moja, sabini na tano, septante-cinq yetu, ni sitini na kumi na tano, na tisini, nonante yetu, Mungu amsaidie, ni ishirini mara nne na kumi. Ndio hao waliovumbua mita na kilo ili kurahisisha hesabu duniani. Nasi hapa hata tukisema Kiswahili hesabu zinatoka kwa Kifaransa hicho cha Wabelgiji. Mama yangu hawezi kuunga sentensi nzima ya Kifaransa, lakini septante na nonante anazisema sokoni kuanzia asubuhi.

Mgeni aliinua mkono kabla sijafika sentensi ya pili. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Samahani, bibi, sitaki kukukatiza," alisema, akinikatiza. "Umesema septante! Ni jambo la kupendeza mno. Huku bado mnasema septante?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, bado, na hatujaona sababu ya kuacha.

"Lakini Commune ni ya Paris," alisema kwa upole, "na Paris ni soixante et onze, siyo?"

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, kile cha heshima, cha kumwonyesha mgeni kwamba tumeelewa kichekesho. Kisha akasimama mtu wa isimu kueleza chimbuko la neno septante. Akasimama mwingine kumpinga. Mkuu wa idara akachukua kipaza sauti na kumwomba radhi mgeni kwa niaba ya chuo, akaahidi kwamba jambo hilo litashughulikiwa katika mitaala. Dakika zangu tano zikaishia hapo. Burugumesta hakutajwa, foleni hazikutajwa, wafanyakazi wa Paris wakafa tena bila mtu kuwauliza. Nilikusanya karatasi zangu nikashuka, na mashavu yangu yalikuwa ya moto kiasi cha kuchomea mahindi.

Baada ya hapo ukumbi wote uliingiwa na Paris. Watu waliozaliwa wakisema nonante, waliobatizwa kwa nonante, walianza kuzungumza kwa ishirini mara nne na kumi. Mwenzangu mmoja aliyekuwa anazungumzia mapinduzi alifika kwenye mwaka mmoja wa tarakimu ngumu, akaanza kuupanda, akateleza katikati, akarudi nyuma, akaanza tena, mwishoe akasema tu "mwaka ule mnaoujua". Mkuu wa idara alitangaza chakula cha mchana kwa kutumia namba za chumba ambazo hakuna aliyezielewa, tukakuta watu wa jukwaani wanatafuta wali kwenye chumba cha kompyuta. Nilicheka peke yangu kwenye ngazi. Hiyo ndiyo faida pekee niliyopata siku ile mpaka jioni.

Kabla ya kufunga, mgeni alisimama kutueleza namna ya kutuma makala. Yeye ndiye atakayehariri kitabu. Tumtumie kwa barua pepe kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata, na makala isiyofika haitaingia. Umeme ulikuwa umekatika na ile mashine ya kuonyesha picha ukutani imezimika, kwa hiyo akaanza kuitamka anwani yake. Mkuu wa idara aliruka kwenda kwenye ubao na chaki mkononi, maana kumwandikia mgeni anwani ni heshima ambayo huwezi kumwachia asistanti.

Mgeni alitamka jina lake herufi kwa herufi, kwa hisani ya mtu anayezungumza na wagonjwa. Kisha akafika kwenye namba iliyofuata jina. Akaitamka polepole, akatua katikati ili tuipate vizuri.

"Soixante," alisema. Akatungoja kidogo. "Quinze."

Mkuu wa idara akaandika 60. Akaandika 15. Mgeni wakati huo alikuwa ameinama anatafuta miwani yake chini ya kiti. Alipoinuka, ubao ulishazingirwa na wataalamu wote wa historia ya Ufaransa walioko mkoani kwetu Ituri, kila mmoja ameinua simu anapiga picha. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nimenuna, sikutazama wala kusikiliza sana. Nilinyanyua simu yangu nikapiga picha kama wengine, nikaenda nyumbani.

Niliituma makala mapema, kabla ya wote. Nilikuwa nimebadilisha kila septante kuwa soixante na mkia wake, ili mgeni asipate tena furaha bure. Inaelekea yuko mtu mahali fulani duniani mwenye jina kama la yule profesa na namba hiyo ya ubaoni, kwa sababu ujumbe wangu haukurudi. Naye huyo mtu, popote alipo, alipokea pia makala za idara nzima, Louis, mapinduzi, mavazi ya malkia, yote, na hakulalamika. Nikatuma tena kukumbusha. Kimya. Nikamwendea mkuu wa idara.

"Madame, Muzungu wa chuo hajibu mbio," aliniambia. "Iko nasoma. Kusoma inakamata wakati. Weye rudi tu mu classe."

Nikarudi darasani. Nyumbani mama aliuliza kila jioni kama ile kitabu imetoka, nami nilimwambia kwamba wanapanga herufi. Alidhani kupanga herufi ni kama kupanga samaki kwenye meza, kazi inayohitaji subira, akaniheshimu kwa subira yangu.

Kitabu kilitoka wiki ileile kamati ya vyeo ilipotarajiwa kukaa. Habari tuliipata kwa simu. Mgeni alimpigia mkuu wa idara kumpongeza, na mkuu, ambaye hawezi kupongezwa bila mashahidi, alinipigia kelele nikiwa koridoni niingie ofisini, akaiweka simu mezani ikiwa kwenye sauti kubwa.

"Kitabu kimependeza sana," ilisema sauti ya mgeni. "Inasikitisha tu kwamba sikupata hata makala moja kutoka kwenu. Lakini nilielewa. Nimeandika kwenye utangulizi kwamba wenzetu wa Bunia walizuiwa na hali ya usalama."

Mkuu wa idara alinitazama. Nami nikamtazama. Miezi ile Bunia ilikuwa imetulia kuliko kawaida, tulikuwa tunasumbuliwa na harusi tu, kila Jumamosi honi mjini kote. Tumekimbia mara nyingi katika mji huu, tunajua kukimbia kunavyofanana. Safari hii tulikuwa tumekaa vitini, na bado kuna kitabu kimechapwa Ulaya kinachosema tulikimbia.

"Lakini Profesa, sisi tulituma," mkuu alisema kwa Kifaransa chake cha sherehe. "Wote tulituma. Kwenye anwani uliyotupa."

"Ajabu. Anwani ni ile ile. Jina langu, halafu soixante-quinze. Ni namba ya mkoa wa Paris, hamwezi kukosea."

Safari hii aliitamka haraka, neno moja, bila kutuhurumia. Nilitoa simu yangu, nikaitafuta picha ya ubao. 6015, kwa mwandiko mzuri wa mkuu wa idara. Nikamsogezea. Aliitazama kama mtu anayeonyeshwa uchafu kwenye kola yake mwenyewe, kisha akaigeuza simu yangu kifudifudi juu ya meza.

Hasira ilinipanda mpaka machoni. Niliinamia simu yake nikasema kwa sauti kubwa kuliko adabu inavyoruhusu:

"Septante-cinq, Profesa! Ungesema septante-cinq tungeandika septante-cinq!"

Nikamsikia anacheka, kicheko kile kile cha upole.

"Ah! Ni yule bibi wa septante! Nakukumbuka vizuri! Nimewasimulia wenzangu wote habari zako."

Nikamuuliza kama anakumbuka nilizungumzia nini. Alifikiri. Alisema anakumbuka lilikuwa jambo la kuvutia sana. Nikamuuliza kama makala inaweza kuongezwa. Alisema kitabu kimeshachapwa, lakini itakapotokea nafasi nyingine atafurahi mno, na tujilinde, aliona kwenye habari kwamba hali yetu si nzuri. Mkuu wa idara akamshukuru kwa niaba ya chuo, akaagana naye kwa kutaja vyeo vyake vyote, akakata simu.

"Prof, andikia kamati," nilimwambia. "Eleza vile ilipita. Iko picha, iko ujumbe yenye nilituma, iko tarehe. Banaweza kuona."

Alikuwa anafuta meza yake kwa kiganja, na meza haikuwa na vumbi.

"Madame, nitaandika nini? Ya kama département ya Kifaransa nzima ilishindwa kusikia chiffre, namba tu ya Kifaransa?" Alishusha sauti. "Heri tuache vile iko. Batasema ni juu ya vita. Vita, kila mutu anaelewa. Hakuna mutu atauliza."

"Na mimi?"

"Weye ungali mudogo," alisema.

Kamati ilikaa. Walinitakia heri. Walinipa cheti cha kuhudhuria kongamano, chenye rangi tatu na muhuri, nacho hakihesabiki kama makala, ila kinapendeza ukikitundika. Nafasi yangu ilikwenda kwa kijana aliyekuwa na makala kuhusu mihogo. Nilitoa vitabu vyangu kwenye kabati la walimu nikavifunga kwenye kitenge, nikashuka mjini kwa miguu, na njia nzima nilikuwa natunga maneno makali. Ninayo mengi. Nilikuwa na la mgeni, la mkuu wa idara, la kamati, hata la Wabelgiji.

Mama alikuwa uani amekaa kwenye kibao, anakung'uta chumvi kwenye makayabo. Aliona kitenge chenye vitabu akaelewa nusu ya habari. Nilimsimulia nusu iliyobaki. Sikuificha hata chembe, nilimwigiza mgeni, nilimwigiza mkuu wa idara na chaki yake, maana nikiwa na uchungu mimi huwa mchekeshaji. Nilitegemea acheke. Alisikiliza mpaka mwisho, samaki mkononi.

"Ngoja, sijasikia muzuri," alisema. "Kazi imeisha juu ya septante-cinq?"

"Ndiyo, Mama."

"Septante-cinq hii ya kila siku?"

"Ndiyo hiyo."

"Na kwa ile kitabu yao banasema mulikimbia."

"Banasema ilikuwa vita."

Aliuweka samaki chini. Alijipangusa mikono kwenye kitenge chake, taratibu, kidole kwa kidole.

"Siye tulikimbia batu benye mapanga, mwanangu, na tulifika," alisema. "Nilikukamata mukono hii hapa, sikukuachilia hata fasi moja. Sasa weye unafukuzwa na chiffre, na bado banasema ni ile vita yangu."

Yale maneno makali ya njiani niliyaacha kwenye kitenge pamoja na vitabu. Nikakaa chini kando ya kibao chake, nikalia kwa sauti, majirani wakisikia, na mama hakuninyamazisha.